Themanini na Nne Haikuwa Mwaka

Wapenzi tuliokutana katika msiba huu, nanyi mliotoka Ubundu, mimi Arsène nimetumwa na familia niwasomee maisha ya mama mdogo wetu, Mama Pélagie Bolila, na nitayasoma yote, hata yale yanayotutia haya.

Alizaliwa Ubundu tarehe 14 Machi 1951, akasoma kwa masista hadi vita vya 1964 vilipofunga shule, akaja Kisangani mwaka 1969, akaanza kazi kwa Papa Hamadi, fundi wa fedha, aliyemfundisha kugeuza kijiko, kusoma mihuri nyuma ya mpini, na kutenganisha fedha tupu na chuma kilichopakwa fedha. Tarehe 9 Juni 1973 alifunga ndoa na Papa Benoît, mfanyakazi wa reli, wakajaliwa Odile, Fiston na Nicole.

Vijiko vingi walivyoacha wazungu vina muhuri wa 84, na kwa miaka mingi Mama Pélagie aliwaambia watu kwamba ni mwaka 1884, watu wakajivuna, hata mama yangu Vicky, dada yake mkubwa, aliyekionyesha kijiko chake cha harusi kwa kila mgeni. Mwaka 1985 alipata kitabu cha zamani cha mafundi, akakuta kwamba 84 ni gramu za fedha zilizopakwa juu ya dazeni ya vijiko na uma, maskini, akalia siku nzima, kisha akafunga kitenge, akazunguka nyumba thelathini na moja kusahihisha kosa lake, hadi Bangboka, hadi Opala kwa mtumbwi, wengine wakimfukuza kwanza.

Thelathini walikubali. Wa mwisho alikuwa mama yangu, aliyesema anaaibishwa bure, akakata salamu, na kila Mwaka Mpya mama mdogo alibisha mlangoni kwetu, akarudi bila kufunguliwa, jamani, miaka thelathini na tisa.

Figo zilimlaza Agosti 2024. Tarehe 7 Novemba mama yangu aliingia hospitalini na kijiko ndani ya kitambaa, akauliza hiki kiko cha mwaka gani, naye mama mdogo akapapasa alama ya fundi, akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni baada ya 1920, 84 iko gramu, haiko mwaka. Akafariki tarehe 9, saa nne asubuhi, mkono wake ndani ya mkono wa dada yake.

Tunawashukuru madaktari, majirani wa mtaa wake wa Tshopo na mafundi wenzake. Mama yangu ameniagiza nisome wazi mbele yenu wote: iko gramu. Pumzika kwa amani, mama mdogo, nyumba ya thelathini na moja imefungua mlango.