Chumvi Niliyolisha Mbuzi

Bamama na bapapa, amani ikae na sisi. Nimepewa dakika tano tu, kwa hiyo banaonijua bacheke sasa, tumalize.

Batoto ba leo hamuwezi kuamini, lakini zamani muji wetu wote wa Baraka ulinunua kwenye njia yetu ya chini, ile inayoshuka ziwani. Boti zikifika, bantu banapanda na mizigo, na duka la kwanza ni la baba yangu, mulango unaangalia maji. Sabuni, chumvi, sukari, bitenge. Baba alipokufa aliniachia funguo na neno moja: "Hii duka, usiiuzishe."

Kisha boti zikahamia upande mwingine. Barabara ya juu, ile inayopita nyuma ya ukuta wangu, ikajaa pikipiki, vibanda vya simu, saluni, maduka ya muziki. Jirani zangu bakapanda huko, mmoja mmoja. Mimi nikabaki na kiburi changu, nakaa mulangoni kuanzia asubui, naangalia bata banapita.

Ndugu zangu, nawaambia, muntu akikosa kazi anatafuta adui. Mama mmoja, jirani yangu wa zamani, alifungua duka kule juu. Kila asubui alimwaga maji mbele ya mulango. Nikasema: ile ni dawa, ndiyo inavuta bateja bangu! Nikatangaza mtaa muzima, nikaacha kumusalimia. Na kwa kuzuia dawa yake, nikawa namwaga chumvi mbele ya duka langu kila siku. Chumvi ya kuuza!

Munajua nani alikuja? Mbuzi. Mbuzi za mtaa muzima zikajipanga kulamba. Mama moja alitaka sabuni, akaona zile pembe, akarudi. Bibi yangu, mama ya batoto bangu, akaniuliza, "Baba batoto, sasa we uko nafungulia mbuzi duka?"

Sikucheka. Nilikuwa nimeshapata muntu wa kununua duka, nirudi kijijini kwetu Lweba kulima. Neno la baba lilikuwa linaniuma sana.

Siku ile mununuzi alikuja kupima kiwanja, na yule mama wa duka la juu naye akashuka. Akasimama katikati ya mbuzi, mikono kiunoni.

"Papa, dawa gani? Ile maji mi namwagaka juu ya vumbi ya bapikipiki, isiingie mu bitenge! We mulango yako iko naangalia ziwa, na bantu beko nyuma yako. Toboa ukuta!"

"Ukuta ya baba?"

"Baba yako aliweka mulango fasi bantu balikuwa banapita. Na we fanya vile."

Aibu ilinishika, kisha kicheko, mpaka mununuzi akaenda zake. Tulitoboa siku ileile. Vumbi ya matofali haijatulia, dereva wa pikipiki akaingiza kichwa kwenye tundu: "Papa, sabuni iko?"

Iko, mutoto wangu! Tangu siku ile iko.

Asante kwa bibi yangu, na kwa ninyi mliobeba matofali na kumaliza maharagi yangu. Soko halimungoji muntu. Na kabla ya kusema jirani anakuloga, muulize anafanya nini.

Yule mama simutaji jina. Ni ule anaficha uso na kitenge pale, anacheka. Mama, nisamehe mbele ya bantu bote. Na kesho asubui usitoke na ndoo. Maji ya mulango yako nitamwaga mimi.