Magongo Yangu Ukutani mwa Kanisa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mwangaluka kwenu nyote, ndiyo salamu yetu Wasukuma. Mimi si mtu wa maneno mengi. Shule niliishia darasa la saba, na kanisani hukaa benchi la nyuma. Lakini jambo hili alilonitendea Bwana siwezi kulifungia moyoni.

Kwetu ni kijijini, nje kidogo ya Bariadi, tunalima pamba. Msimu mmoja tukipeleka pamba kuuza, mkokoteni wa ng'ombe ulipinduka ukaniangukia nyonga. Nilitibiwa, maumivu yakaisha, lakini mguu wa kushoto haukurudi kuwa na nguvu. Nikasema basi, nimekuwa mzigo wa watu.

Mume wangu, Baba Mabula, alikuwa seremala. Hakuniambia neno la kunifariji, hakuwa mtu wa hivyo. Alinisimamisha ukutani nikiwa na kandambili zangu miguuni, akachora alama kwa mkaa chini ya kwapa, na nyingine pale kiganja kilipofika. Akanichongea magongo mawili. Juu aliyashonea ngozi ya ndama, ndani akajaza pamba ya shamba letu wenyewe. Chini akapigilia mpira wa tairi yasiteleze kwenye tope. Na moja akalitia ndoano ya kutundikia kindoo, maana aliona kwamba mwenye magongo hana mkono wa kubebea maji. Ndugu zangu, nani alimfundisha? Chooni akaniwekea kiti chenye tundu. Kizingiti cha jikoni akakibomoa, akasawazisha udongo kwa mikono yake. Nikapika tena! Nikaenda gulioni tena, na wanawake wenzangu wakanitania, "Mayu, wewe una miguu minne, sisi tutakukuta wapi?" Mayu kwetu ndiyo mama. Nikacheka nao.

Kisha Baba Mabula akaugua, akafa. Tulimzika mwisho wa shamba, upande wa machweo. Ukikaa mlangoni kwangu unaliona kaburi. Kila asubuhi nilijikongoja kati ya matuta ya pamba mpaka nikafika. Sikuwa naomba kitu. Nilisimama tu karibu naye.

Ndipo ukaja mkutano wa injili. Mhubiri mgeni akaita wagonjwa, nikaenda mbele. Sisemi uongo mbele za Mungu: nilisikia joto mguuni! Mhubiri akaniambia, "Tupa hayo!" Nikayaachia. Wahudumu wakanishika huku na huku, nikapiga hatua, vigelegele vikapaa. Magongo yangu yakatundikwa kwenye msumari ukutani mwa kanisa, nyuma ya madhabahu, yawe ushuhuda. Mhubiri akaenda zake. Asubuhi yake nikateremsha miguu kitandani, nikaanguka.

Ningemwambia nani? Niliona nikisema sijapona, nimemwaibisha Mungu. Nikasema imani yangu ni ndogo. Nikafunga, nikaomba. Nyumbani, nilikobaki peke yangu, nilitambaa. Jumapili shemeji yangu alinipakia kwenye baiskeli, akanikalisha benchini kabla watu hawajafika, na sikuondoka mpaka wote wametoka. Yeye peke yake alijua, nami nilimwapisha asiseme.

Nikikaa pale, mahubiri sikuyasikia. Niliyatazama magongo yangu. Niliiona ndoano yangu. Niliona ngozi ilivyong'aa kwa jasho langu. Kazi ya mikono ya mume wangu ilikuwa pale juu, nami siwezi kuigusa! Na nikirudi nyumbani, kaburi naliona, lakini matuta hayatambaliki. Nilijaribu mara moja baada ya mvua, nikarudi nimejaa tope hadi kifuani. Nyasi ziliota juu ya Baba Mabula huku nikiziangalia toka mlangoni. Hamu ile, ndugu zangu, sijui niieleze vipi. Nilitamani kusimama karibu naye, basi.

Siku moja Mzee Nkwabi, mzee wetu wa kanisa, alikuja kunijulia hali. Alinikuta katikati ya uwanja, niko magotini. Mnajua desturi yetu Wasukuma, mwanamke akimsalimu mkubwa hupiga magoti. Akaitikia kwa furaha, "Mwangaluka, mayu! Inuka, inuka, inatosha."

Nikainamisha kichwa. Akangoja.

"Inuka basi, mayu, mimi siyo mtemi!"

Nikasema, "Baba, sikupiga magoti kukusalimu. Naenda chooni."

Alivua kofia. Kisha akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu mkutano."

"Na sisi kila Jumapili tunayashangilia magongo yale!"

Yule mzee alilia. Nami nikalia, na siri niliyoificha miezi ile yote ikatoka hapo hapo uwanjani.

Jumapili iliyofuata alisimama akalieleza kanisa kwa sauti ya chini. Nikaona uso wa mchungaji unahangaika. Mtu mmoja akasema, "Sasa uponyaji nao unarudishwa?" Wengine wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini Bibi Holo, jirani yangu wa benchi, akajibu kwa nguvu, "Wewe si umevaa miwani? Ivue tukuone ukisoma zaburi!"

Mchungaji akapanda juu ya kiti, akayashusha magongo, akayafuta vumbi kwa mkono wa koti lake. Akaja nayo mpaka benchi la nyuma. "Tusamehe, mayu," akasema.

Nikayaweka makwapani. Ndugu zangu, nilisimama! Kwa urefu ule ule alionipima Baba Mabula kwa mkaa. Haleluya! Sikuwa nimewahi kumshukuru Mungu kwa sauti namna ile.

Asubuhi yake nikapita kati ya matuta. Nilitundika kindoo kwenye ndoano, na jembe dogo ndani yake. Nikafika. Nikakaa chini, nikapalilia kaburi mpaka likawa safi, kisha nikasimama.

Mguu wangu haujapona, siwafichi. Na Baba Mabula hajarudi. Asubuhi bado namsikiliza kama anapiga randa. Bwana alinifungua kutoka kwenye aibu, na alikuwa ameniponya siku nyingi kwa mikono ya seremala, ila mimi sikuita hilo uponyaji. Sasa mlangoni pa kanisa vijana wamemwaga mteremko wa saruji pembeni ya ngazi, na hata Bibi Holo, ambaye ngazi zilikuwa zinamtesa, anaupanda akishika ukuta.

Msumari ule bado uko nyuma ya madhabahu, mtupu. Mchungaji alitaka kuung'oa, nikamwomba auache. Ewe uliyeficha fimbo yako, uliyebaki nyumbani kwa sababu unatambaa, mtumaini Bwana uje kama ulivyo. Uje nayo fimbo yako. Hakuna atakayeitundika tena.