Taa za Uwanja wa Skeitibodi

Wananchi wa Kwale, kikao kizito kuhusu mwanga wa umma kimefanyika Diani, ndani ya tuktuk, mimi nikiwa mjumbe asiyealikwa.

"Taa zilipokuwa zikiwaka uwanja wa skeitibodi, watoto walianguka, wakainuka, wakaja na magoti yenye damu kula viazi vyangu," alisema Mama Gillian, muuza viazi. "Nimewakumbuka. Lakini taa ulizofunga, fundi, zimeliwa na chumvi ya bahari."

"Nanyang'anywa kazi kwa maneno hayo hayo, mama," alijibu fundi Karisa. "Chumvi haiingii taa iliyozibwa. Mtu alifungua vioo akang'oa mipira ya kuzibia."

Tuktuk ikasimama. Wote wawili wakautazama mkono wangu, uliovaa mipira minne ya taa kama bangili.

"Shikamooni," nikasema. "Ni mimi."