Ukumbi Usio na Marumaru

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, waheshimiwa wajumbe wa Baraza, walimu wenzangu, ndugu zetu mliosoma hapa na leo mmerudi na mikono iliyojaa, wazazi, wanafunzi, na wageni wote mliokubali kukalia viti vya kukunja: karibuni katika ukumbi mpya wa ndaki yetu ya lugha, historia na falsafa.

Najua mnachonong'onezana. Mmetazama chini, mmeona saruji tupu, mkaulizana marumaru ziko wapi, au mkuu wa ndaki amezitafuna? Tumbo langu kweli linatia shaka, lakini safari hii nasingiziwa.

Aliyetujengea ukumbi huu ni huyu dada yetu tunayemwita Mama Magodoro. Zamani alipochagua historia, baba yake alimuuliza, "Hiyo historia utailalia?" Leo nusu ya mji inalalia magodoro ya kiwanda chake, na mzee mwenyewe yumo.

Mwezi uliopita dada alikuja kuchagua marumaru. Nikiwa naye, akapitia ofisi ya mwalimu wetu wa historia, yule yule aliyemfundisha, akamkuta anafunga vitabu kwa kamba.

"Shikamoo, mwalimu. Unahama ofisi?"

"Marahaba, mwanangu. Nahama kazi. Mkataba umekwisha, na chuo hakina cha kunilipa."

Ndugu zangu, huyo ndiye mwalimu pekee wa historia tuliyebaki naye. Angeondoka, somo lingefungwa, na wanafunzi wake wangesukumwa kwenye kozi wasizozitaka. Mfadhili akinipa jengo, nampigilia kibao cha jina lake mlangoni. Akinipa mshahara wa mwalimu, kibao nikipigilie wapi? Ndiyo maana hapa kwetu kila feni ina jina la mtu, na mwalimu anafungasha.

Dada akanigeukia. "Mkuu, humo ukumbini atafundisha nani?"

Nikakohoa. Niliona haya.

Pale pale akampigia fundi. "Marumaru acha. Na kile kibao cha jina langu, acha."

"Mama, sakafu itatuaibisha!"

"Iache ituaibishe."

Hela ya marumaru ikawa mshahara. Wenzake wa darasa moja, muuguzi, fundi cherehani, hata yule askari wa trafiki mliyemkwepa getini asubuhi, wakaongezea walichonacho. Haba na haba hujaza kibaba. Jana mwalimu alisaini mkataba mpya. Dada, umetutoa kimasomaso, nami nakupenda kwa hilo, nalisema mbele ya mumeo.

Lakini mkataba ni wa miaka miwili tu. Ukiisha, tuuze feni? Nawaomba, mliojaliwa: mkitujengea nyumba, tuwekeeni na watu ndani.

Utepe wa kukata hatukununua. Mwalimu, wanafunzi wako wamekaa kule nyuma na kalamu mkononi, walishaambiwa hutarudi. Njoo mbele uanze kipindi. Wageni, milango iko wazi, ila wa kwanza kutoka tutamwona sote. Masikio mliyoniazima nawashukuru kwayo. Sasa mpeni mwenye somo.