Shangazi wa Roshani ya Tatu

MCHORAJI: Haloo? Nani mwenzangu?

SHANGAZI: (kwa kunong'ona) Shangazi yako. Marehemu.

MCHORAJI: Shikamoo Sha— nani?

SHANGAZI: Marahaba. Sema polepole, nimejificha jikoni. Lile bango la ghorofa jipya, pale njia panda, ni mkono wako?

MCHORAJI: Umeliona! Nimekuweka roshani ya tatu, na kikombe chako. Watu wa kubandika wa kwenye kompyuta wote wanatembea kama wanatangaza viatu. Nikataka mtu wa kweli.

SHANGAZI: Mtu wa kweli anaonekana matofali tumboni?

MCHORAJI: Hiyo ni sanaa, Shangazi. Filamu moja ya kamera niliipigia picha mara mbili, kwanza ukuta, halafu we—

SHANGAZI: Na mwanga kichwani?

MCHORAJI: Kifuniko cha kamera kimelegea, jua likapenya. Lakini mteja kafurahi! Anasema jengo limepata roho.

SHANGAZI: Yeye kaipata, mimi mtaa mzima unajua imenitoka! Tangu asubuhi wanakuja kutoa pole. Mama wa duka nimemfungulia mlango mwenyewe, kaanguka chali. Leo utakiona cha mtema kuni!

MCHORAJI: Nisamehe, Shangazi. Nipo mbele ya kompyuta, nakujaza tumbo sasa hivi, matofali yasionekane. Saa nane bango linabadi—

SHANGAZI: Subiri!

MCHORAJI: Nisubiri nini?

SHANGAZI: (kwa kunong'ona) Fundi bomba yupo sebuleni.

MCHORAJI: Yule asiyesemaga hata "hodi"?

SHANGAZI: Huyo huyo. Kaingia, hakukuta mtu, kakaa. Anaongea na kiti changu.

MCHORAJI: Anakiambia nini?

SHANGAZI: Shh! (mikwaruzo) ...Anasema bomba la jikoni halijawahi kuharibika.

MCHORAJI: Si linavuja kila mwezi?

SHANGAZI: Alikuwa analilegeza mwenyewe! Kila akimaliza kulikaza, analegeza kidogo, apate sababu ya kurudi. Miaka sita nakinga ndoo, mwanangu!

MCHORAJI: Toka umfukuze!

SHANGAZI: Nani kakwambia nataka kumfukuza?

MCHORAJI: Kimya kingi...

SHANGAZI: Kina mshindo mkuu, najua, usinifundishe. Usinijaze tumbo bado. Hajamaliza, sasa kafika kwenye macho yangu.

MCHORAJI: Lakini bosi kashanipi—

SHANGAZI: Mwambie marehemu hajaruhusu! Ngoja. Kasimama. Anasema... anasema atalikaza bomba kwa mara ya mwisho, kwa heshima yangu.

MCHORAJI: Bomba lipi?

SHANGAZI: La jikoni.

MCHORAJI: Shangazi, wewe si upo—

SHANGAZI: Anasukuma mlango! Nimekaa vizuri? Kilemba—

(kishindo, spana inaanguka)

MCHORAJI: Haloo? Shangazi! Haloo!

SHANGAZI: ...Nipo. Kazimia.

MCHORAJI: Anapumua?

SHANGAZI: Anapumua. Nimemmwagia ile ndoo. (anacheka) Kafumbua jicho moja. Ananigusa mkono kuona kama wake utapita.

MCHORAJI: Umepita?

SHANGAZI: Umekwama, na hauachii. Sikiliza, salio linaisha. Sasa nijaze. Tumbo lote, mwanangu, usinibanie. Halafu pale roshani ongeza kiti cha pili, uweke mtu.

MCHORAJI: Mtu gani?

SHANGAZI: Mwenye spa—

(simu imekatika)