Kuionea Wivu Nchi Nzima

Katika treni iliyokuwa ikinirudisha nyumbani kutoka shule ya bweni, iliyonisimamisha wiki mbili ili nikatafakari mwenendo wangu, niliketi mkabala na mama mfinyanzi aliyepakata chungu kipya. Mwalimu mmoja, mgeni kwake, mwenye rundo la madaftari, alikisifu. Lo, kumbe alimfungulia mama yule bomba la malalamiko!

"Usikisifu, kaka. Mke wa shemeji yangu kampelekea mama mkwe vikombe vya kauri, vimepangwa kwenye kabati la vioo. Vyungu vyangu viko chini ya sinki, vinatunza vitunguu."

Mwalimu akamfariji kwa historia, maradhi ya walimu wote. "Kauri haishindwi, dada. Wengi husema jina China lilitokana na ufalme wa kale ulioitwa Chin. Vyombo vyake vikasambaa duniani, hata Waingereza wakaviita china tu, kwa jina la nchi vilikotoka."

"Yaani nchi nzima imekuwa kikombe?" Nimeona watu wakimwonea wivu jirani; taifa zima, hii ilikuwa mara ya kwanza. "Nimefinyanga miaka kumi na tisa, na mama mkwe hajawahi kusema, 'Nipeni kile cha mkwe wangu.'"

"Vuta subira. Wachina iliwachukua karne nyingi."

"Mama mkwe ana miaka themanini na mbili!"

Treni ikasimama. Bibi mwenye mkongojo, bila shaka mama mkwe mwenyewe, alikuwa akimngoja mfinyanzi nje ya mlango wa behewa.

"Karibu, mwanangu. Umeleta chungu kingine?"

"Ndiyo, mama," alijibu mfinyanzi kwa sauti tamu kama asali, akashuka.