Fundi Sylvanus na Silikoni Nyekundu

Wasikilizaji wapendwa, katika Old Moshi nzima kuna mtu mmoja tu aliyemsikiliza Fundi Sylvanus bila kumchosha. Mtu huyo ndiye mimi, Godlove, ninayezungumza nanyi.

Fundi Sylvanus ametutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na moja. Alikuwa fundi bati. Alitengeneza mabomba ya moshi ya majiko ya kuni, haya yanayotokeza juu ya paa. Miaka arobaini, mabomba ya moshi. Na miaka yote arobaini tulimchosha. Mwishoni tukamchafulia na jina. Leo nataka lisafike.

Kilichomchosha ni kimoja: kitu cha kuzibia maungio. Watu waliziba kwa simenti. Mjane wake, Mama Mektrida, niliye naye hapa studio, ameniambia mzee alikuwa akirudi jioni, chai hagusi, anauliza ukuta: hivi bati linatanuka au halitanuki? Anajijibu mwenyewe. Alfajiri lina baridi ya mlima, saa nne jiko limekolea, saa tisa mvua inalichapa. Linatanuka, linanywea. Simenti haijui kunywea. Inapasuka.

Wajanja zaidi walinunua silikoni nyeupe, ya kuzibia sinki. Inavutika, sawa. Joto hailiwezi. Mzee alitaka ile nyekundu ya mafundi magari, inayovutika na kuhimili joto la injini. "Someni nyuzi joto kwenye tyubu, jamani," alikuwa akisema. Sugua kutu, kausha bati, paka. Kisha usiwashe jiko hadi kesho yake.

Hapo kwenye kesho yake ndipo tulipomshinda. Mkesha wa Krismasi, ukoo umeshapanda kutoka Dar, nani anasubiri?

Mwaka mmoja alisimamisha bomba jipya kwenye nyumba fulani, mvua ikamkatiza. Akasema atarudi kesho kuziba, jiko lisiguswe. Mtu mmoja pale akaona kesho ni mbali. Akapanda juu, akapaka ile nyeupe kwenye bati lililolowa, akashuka anapiga mluzi. Krismasi mchana, maungio yakaachia. Maji ya masizi yakadondoka ndani ya sufuria ya mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, mchungaji akiwa ameshika bakuli.

Wakasema Sylvanus kazeeka. Jiko la usharika, kazi aliyoahidiwa, akapewa mwingine. Hakujitetea.

Tunawapa pole Mama Mektrida na watoto. Nasi tuliobaki tujiulize: ni kazi ya nani tuliiharibu, tukamwachia yeye lawama?

Naona mama anaomba maikrofoni. Shikamoo mama, karibu.

"Marahaba, mwanangu. Swali lako ni zuri. Mzee aliniambia ulimpigia magoti asikutaje kwa mama yako, na hakukutaja mpaka amekufa. Mimi sikuahidi. Waambie ilikuwa nyumba ya nani."

Wasikilizaji wapendwa. Ilikuwa nyumbani kwetu.